Mnufaika, jina zuri la mdaiwa

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, kisteshenari changu hapa Dodoma hakipumui. Watu wanatoka Bahi, Chamwino, hata Kongwa. Mtoto anajaza mtandaoni, mzazi yuko kwenye benchi na bahasha ya vyeti mapajani. Mwaka jana mzee mmoja alifika sehemu ya mdhamini, akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, hapa mimi ndiye ninayemlipia, au ndiye nitakayekamatwa?"

Sikucheka. Mdhamini wa ligi ya mpira anatoa fedha na jezi. Mdhamini wa mahakamani anaweka hati ya nyumba. Neno ni hilohilo. Nikamwambia huyu wa kwenye fomu ana undugu na wa mahakamani: kijana akikopa na asirejeshe, yeye ndiye ataulizwa. Akanyamaza kidogo, akasaini. Bado kulikuwa na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji na wa wakili.

Linaloniudhi zaidi ni mnufaika. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humwita hivyo aliyekopa. Kwetu, ukichukua debe la mtama kwa jirani wewe ni mdaiwa, basi. Huku unakaa mnufaika miaka yote, halafu ukichelewa kulipa unapandishwa cheo ghafla: mdaiwa sugu. Mdaiwa wa kawaida, yule anayejua anadaiwa na analipa taratibu, hana jina lake. Na ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyofutwa 2021 iliitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Thamani ililindwa, sisi tukaachwa nje usiku.

Wanafunzi nao hawako nyuma. Fedha ya chakula na malazi wameiita boom. Pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, likiingia, mtaa jirani wa Ng'ong'ona wote unajua, mpaka mama wa chipsi. Shilingi 10,000 kwa siku, za miezi miwili zikija pamoja ni kama 600,000, na hakuna anayesema "deni limeingia." Boom langu la kwanza, enzi hizo likiwa dogo kuliko hili, lilinunua sabufa iliyokufa kabla sijahitimu. Mke wangu, mwalimu, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha mkopo wake. Mwenye 800,000 huondokewa na 120,000 kila mwezi kabla hajazigusa. Hapo hakuna anayeita boom.

Ningekuwa na mamlaka, ningeandika juu kabisa ya fomu, kwa herufi nene: HILI NI DENI. Hayo mengine yafuate.

Yule mzee alinipigia majina yalipotoka.

"Kijana amekuwa mnufaika!"

Nikampongeza, nikauliza amepangiwa kiasi gani.

"Boom lake analijua. Jumla ya miaka mitatu hajaniambia," akasema. "Na mimi nilishasaini."