Sungura Aliyekataa Kuibomoa Posta

Mimi ni mhazini wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu, hapa Tabata, na mtu anayeshika daftari la rambirambi hatarajiwi kukesha akitazama filamu za madude yanayobomoa miji. Kwa sababu hiyo huzitazama usiku wa manane, sauti ikiwa chini. Wala sizungumzii zile zilizotengenezwa kwa mabilioni. Napenda zile za mkono mfupi, kama The Giant Claw, filamu ya Marekani ya mwaka 1957, ambayo ndege wake ana shingo ya kuku aliyenyonyolewa na macho ya mtu aliyesingiziwa wizi. Mwigizaji wake mkuu, Jeff Morrow, alikuja kusimulia kwamba alimwona ndege huyo kwa mara ya kwanza ukumbini siku ya kuonyeshwa, watu wakavunjika mbavu kila dude lilipotokea, naye akanyemelea mlangoni kabla filamu haijaisha. Namwelewa kabisa.

Kilichoniponza mimi ni Night of the Lepus ya mwaka 1972, ambamo sungura wakubwa kupita kiasi wanawashambulia watu wa Arizona. Watengenezaji wake walichukua sungura wa kufugwa, wakawaachia wakimbie katikati ya vijumba vya mfano, wakawapaka tomato sosi iwe damu, kisha wakawaonyesha kwa mwendo wa polepole, kwa sababu kitu kidogo kikipunguzwa kasi jicho hukidhania kuwa kizito. Nilifanya kosa la kumweleza hayo mpwa wangu wa miaka 12. Akanitazama, akaitazama simu yake, akasema, "Mjomba, hii hata sisi tunaiweza."

Jumamosi moja, mke wangu akiwa kwenye kikoba, tuliijenga Dar es Salaam uani. Boksi la viatu likawa Posta, pakiti tupu za juisi zikawa Kariakoo, na kipande cha sabuni ya mche, kwa kuwa ni ya buluu, kikawa basi la mwendokasi. Simu tuliiweka kwenye mwendo wa polepole, tukailaza chini kabisa, ikiegemea tofali, ili sungura aonekane amelizidi kimo jengo. Sungura mwenyewe, mweupe pe, alikuwa wa watoto wa jirani, nasi tulimwazima kupitia tundu la uzio bila kibali cha maandishi wala cha mdomo. Nilimpaka sosi mdomoni na kifuani kwa uangalifu wa fundi rangi, kisha nikaamuru kamera iwashwe.

Hakubomoa kitu. Alikaa mbele ya Posta kama mstaafu anayesubiri pensheni, akanawa uso kwa miguu ya mbele hata sosi ikasambaa mpaka masikioni, halafu akaanza kulitafuna paa taratibu, kuanzia kona. Nilikuwa nimepiga magoti, chupa ya sosi mkononi, nikimsihi aoneshe ghadhabu kidogo, nilipomwona mama jirani amesimama kwenye lango la ua, khanga imefungwa kiunoni, upawa mkononi.

"Mhazini! Umemfanya nini mnyama wa watoto?"

Niseme ukweli: sikujibu papo hapo. Nilikuwa napima lipi lina aibu ndogo, kuitwa mchinja sungura wa watu au kukiri kwamba, katika umri wangu huu na cheo changu hiki, nilikuwa naigiza filamu ya dude. Kwa sekunde kadhaa uchinjaji ulikuwa unaongoza. Mchinjaji angalau ana sababu inayoeleweka, njaa. Mpwa wangu ndiye aliyeropoka yote, pamoja na saa ninazolala. Mama jirani alichovya kidole kifuani mwa sungura, akanusa, akaonja, akamkumbatia na kuondoka bila neno. Baadaye nilimwogesha sungura huyo mara mbili kwa amri yake, na bado alibaki na rangi ya waridi kwa muda.

Usiku ndipo tulipogundua kwamba simu haikuzimwa. Katika video hiyo kandambili ya kijani inateremka kutoka juu, polepole, kama kontena linaloshushwa bandarini, na Posta inasinyaa chini yake, Kariakoo inatawanyika, mwendokasi unapinduka, khanga inatanda na kuliziba jua, na ile "Mhazini!", kwa kuwa sauti nayo imevutwa, imegeuka kuwa ngurumo ndefu ya kitu kilichoamshwa chini ya bahari. Katika miaka yangu yote ya kuzitazama filamu hizi sijawahi kuona dude lililopata kunitisha namna ile.

Nimeitazama mara 11. Mwisho wa mwezi mwenyewe alikuja kulipa ada ya chama, nami nikamwandikia risiti nikijitahidi nisimtazame miguuni.