Mgonjwa wa mpira wa puani naye apigwe mswaki

Mzee aliyepata kiharusi akishindwa kumeza, katika wodi za Dar es Salaam huwekewa mpira wa kulishia puani, na agizo huwa fupi: asipewe kitu kwa mdomo. Wapo wauguzi na ndugu wanaolielewa kuwa mdomo wenyewe usiguswe. Hofu yao ina msingi. Kijiko kimoja cha maji kinatosha kumpalia, na wengine hupaliwa bila hata kukohoa. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wodi iliyojaa naye hawezi kulaumiwa akianza na dawa na sindano.

Lakini mpira hauzuii mate. Mdomo usiotafuna huchafuka haraka: mate hupungua, mgonjwa hupumulia mdomo, utando hukauka kwenye ulimi na kaakaa, bakteria huongezeka, kisha mate hayo machafu huteremka mapafuni akiwa amelala. Utafiti wa Japani uliochapishwa 2002, katika nyumba 11 za kutunzia wazee kwa miaka 2, ulikuta nimonia kwa asilimia 11 ya waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo, dhidi ya asilimia 19 ya wengine. Kweli, hao hawakuwa wodini, wala si wote walioshindwa kumeza. Ila asilimia 19 ni karibu mzee mmoja kwa kila watano, na kiini cha kazi iliyoishusha kilikuwa mswaki.

Anapopigwa mswaki, kinachompalia mgonjwa ni maji yanayobaki kinywani, na hayo yanazuilika. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Asiyeweza kukaa alazwe ubavu, ili maji yatoke shavuni. Tumia mswaki laini wa mtoto, uuchovye, uukung'ute, dawa ya meno isizidi punje ya mchele, maana povu nalo ni majimaji. Piga mswaki meno machache, futa kwa kitambaa cha gozi (shashi) kilichokamuliwa, endelea. Utando mkavu ulainishwe kwanza dakika chache. Ukibanduliwa kwa nguvu, kaakaa hutoka damu. Angalia shavu la upande uliopooza: kwa aliyewahi kulishwa, uji hubaki humo bila yeye kuhisi. Meno ya bandia yatolewe usiku. Limau lisitumike, hukausha kinywa na kula meno.

Asiye na fahamu au anayeng'ata abaki kwa muuguzi mwenye mashine ya kufyonza mate, na kidole kisiingizwe katikati ya meno. Wengine, ndugu anayekuja saa za kuona wagonjwa anaweza kufundishwa kuwasafisha, mradi kwenye faili, chini ya agizo la kutolisha, iandikwe pia: kinywa kisafishwe asubuhi na usiku.