Mbao au matope: njia ya kwenda Ziwa Mahoma

Juzi nimerudi kutoka Ziwa Mahoma na aibu moja, gambuti ya kushoto ilinasa kwenye matope chini ya mianzi, mguu ukatoka peke yake na soksi, ikabidi watu wawili waivute ile gambuti kama wanang'oa muhogo. Nimefika nyumbani nikasimulia nikidhani watacheka, kumbe nimewasha ubishi ambao huku kwetu hauishi. Binamu yangu ni pota, yaani mbeba mizigo ya wapanda mlima, anapanda na kushuka huo mlima kila msimu, yeye anasema watandike mbao njia nzima mpaka ziwani, yaishe. Baba mdogo naye alikuwa pota enzi zake, anasema mkitandika mbao mtajuta. Bundu, ugali wetu wa muhogo, ikapoa mezani watu bado wanabishana. Nimewasikiliza wote, wote wana pointi, ila kwa uzito hawalingani.

Kwa asiyepajua: Mahoma ni ziwa dogo ndani ya hifadhi ya mlima Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kwenye kama mita 2,960. Ukitoka Kasese unashika barabara ya Fort Portal, unakata kushoto kuelekea Ibanda, unafika geti la Nyakalengija, kuanzia hapo ni mguu. Kuna mzunguko wa kama kilomita 28, siku mbili au tatu, umetengenezwa kwa watu ambao hawana haja na kilele cha Margherita kule mita 5,109, na hata wale wa saketi kubwa, ule mzunguko mrefu wa huko juu, wengine siku ya kushuka wanapitia hapo. Hakuna kamba, hakuna kutembea kwenye barafu. Unapita msitu, unaingia mianzi, unatoka kwenye miti iliyovaa ndevu, halafu ghafla maji, meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na kimya cha ajabu, hata kuvunja kijiti unaona umekosa adabu.

Sasa matope. Mtu ambaye hajaenda anafikiri ni matope ya barabarani wakati wa mvua, hapana. Haya yanakumeza mpaka goti na mvua Rwenzori hainyeshi kwa ratiba. Hoja ya binamu ni hii na naikubali kabisa: mtu wa kwanza anapita katikati, wa pili anaona maji anakanyaga pembeni kwenye majani, wa tatu anakanyaga pembeni ya yule wa pili, ukirudi baada ya miezi kadhaa njia ya mtu mmoja imekua zizi la ng'ombe. Mimi mwenyewe nimefanya hivo, baada ya gambuti kunasa nilianza kuchagua pakavu kama kuku, na kila pakavu nilipochagua nilikuwa nakanyaga mimea ambayo kule kwenye baridi inachukua muda mrefu kuota tena. Ndo maana kwenye bwawa la Bigo, juu zaidi kwenye ile saketi kubwa, walitandika njia ya mbao. Siyo kwa ajili ya kumpendeza mzungu tu, ni kwamba bila hizo mbao watu wangekanyaga bwawa zima.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hapa Kasese hawalijui na mimi nililijua ukubwani. Lile tuta linaloshika ziwa si kilima cha kawaida, ni moreni, yaani mawe na udongo uliosukumwa na barafu wakati barafu ilikuwa inashuka mpaka huku chini. Miaka ya 1960 mwanasayansi mmoja Mmarekani, Daniel Livingstone, alichimbua tope la chini ya ziwa Mahoma akalipima umri, likaonyesha kwamba barafu ilikuwa imeshaondoka pale karibu miaka 15,000 iliyopita. Na ndani ya tope kuna chavua za mimea, tabaka juu ya tabaka, unasoma msitu ulivyobadilika. Kwa hiyo matope tunayoyatukana njiani yana ndugu zake chini ya maji ambao ni maktaba, na udongo unaoporomoka kwenye njia zilizochanika, mvua ikija, unatafuta pa kwenda. Ukingo wa ziwa ukikanyagwa ovyo, hata hilo tabaka la juu linaloandikwa leo linavurugika.

Alafu barafu yenyewe inaisha. Mwaka 1906, Mwitaliano yule Duke wa Abruzzi alipopanda, mlima ulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 6 za barafu, kufikia 2003 imebaki chini ya 1. Tuseme ukweli, Rwenzori ilijiuza kwa theluji kwenye ikweta, hata jina wengine wanasema linatokana na hiyo theluji. Theluji ikienda utauza nini? Utauza maziwa, msitu, vinyonga wa pembe tatu, ukimya. Yaani sehemu za Mahoma, za chini, ambazo mtu wa miaka hamsini au mtoto wa sekondari anaweza kufika. Hapo hoja ya mbao inapata nguvu.

Baba mdogo akanisikiliza akasema haya, mbao hizo nani atazibadilisha zikioza? Na zinaoza, ule unyevu haubembelezi mtu. Mbao mpya ni baraka, mbao ya mwaka wa tatu yenye utelezi wa kijani ni mtego, afadhali matope manake matope yanakushika, mbao inakuangusha chali na mzigo mgongoni. Hili aliliongea huku anashika kiuno chake, sikuuliza. Na mbao zenyewe zinatoka wapi, ukate msitu ili ulinde msitu? Au upandishe kwa mabega ya mapota kutoka chini, sawa, lakini hiyo ni pesa, na kila mtu anajua pesa za kuzindua kitu hua zinapatikana, za kukarabati hazipatikani.

Halafu akakumbusha mito. Mwezi wa tano 2013 Nyamwamba ilishuka ikabomoa mji wa Kilembe, mwezi wa tano 2020 ikarudi, safari hiyo na Mubuku nao ukavunja kingo. Anasema kwenye huu mlima kitu unachojenga umekopa tu, maji yatakuja kudai. Kwa upande wa mito nampa haki, kwa upande wa njia ya ziwani hapana, mbao kumi zikiondoka na mvua si hasara ya kulinganisha na daraja.

Hoja yake iliyonikosesha jibu kwa muda ilikuwa ya tumbo. Akamwambia binamu: njia ikiwa laini mgeni atabeba begi lake mwenyewe, wewe utakula nini? Binamu akakaa kimya, akachokonoa meno, alafu akajibu kwamba hao watakaovutwa na mbao si hao wanaomwajiri leo, ni watu wapya ambao leo hawaji kabisa, na hao hawajui hata kufunga begi, watahitaji pota zaidi. Sina uhakika kama ni kweli. Inaweza ikawa kweli kwa mgeni wa nje, kwa Mganda wa Kampala anayekuja wikendi na begi moja la shule mgongoni, sidhani. Upande wa pesa za hifadhi hesabu ni rahisi kidogo, sheria inasema asilimia 20 ya kiingilio cha getini irudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi, wageni wakiongezeka fungu linaongezeka. Lakini hilo fungu linajenga darasa au zahanati, haliingii kwenye mfuko wa pota aliyekosa mzigo Jumatatu.

Na kuna lile ambalo wazee hawapendi kulisema kwa sauti. Kwa Bakonzo, wenyeji wa hapa, huu mlima una mwenyewe, Kitasamba, anakaa huko juu kwenye theluji, na watu walikuwa hawaendi kule kama wanaenda soko la Jumamosi. Baba mdogo hakusema msiende. Alisema tu kwamba mahali panapofikika kirahisi panazoeleka, na mahali palipozoeleka watu wanatupa chupa. Nilitaka kumbishia nikakumbuka nilichoona chini ya mti hatua chache tu kutoka majini, karatasi ya biskuti na vitu vya chooni ambavyo sitavitaja, na hapo ni kabla ya mbao.

Kwa hiyo mimi nimeegemea kwa binamu, ila nusu. Mbao ziwekwe kwenye sehemu za bwawa tu, pale ambapo kila mtu anachagua pakavu pake na njia inapanuka, kwenye miteremko hapana, huko zikatwe ngazi za mawe na udongo na maji yatengenezewe mfereji. Na zisifike ukingoni mwa ziwa. Mtu asimame juu ya tuta aangalie, akale mkate wake mbali na maji.

Ila nikiwa mkweli, katika ubishi wote ule hakuna aliyeuliza kwa nini mezani tulikuwa watu tisa, wote tumezaliwa tukiuona mlima dirishani, na waliowahi kuona Mahoma ni watatu, wawili kati yao wakiwa wamebeba mzigo wa mtu mwingine. Mimi nilienda manake binamu aliniombea nafasi kwenye kundi lake, nikasaidia kubeba sufuria. Kiingilio cha raia si kikubwa ukilinganisha na cha mgeni, lakini ongeza mwongozaji, ongeza pota, ongeza chakula cha siku tatu na nguo za baridi za kukodi, mwendesha boda hapa mjini anafunga kitabu. Dada yangu mdogo, ambaye hajawahi kuvuka geti, alisikiliza yote hayo mpaka mwisho akauliza kama gambuti zinapatikana za saizi yake.