Ziwa Ellis linataka ulale kwanza

Kiangazi kikikaribia, simu yangu hujaa matangazo ya safari za mlimani. Linaloniuma kuliko yote husema hivi: tunatoka Nairobi saa nane usiku, tunafika lango la Chogoria la Hifadhi ya Mlima Kenya alfajiri, tunapanda hadi Ziwa Ellis, na usiku uleule tunarudi mjini. Siku moja, bei nafuu, picha tele. Nilishawahi kwenda kwa mpango wa aina hiyo, na ndiyo maana leo nakuomba usiende hivyo.

Tulikuwa watu 14 ndani ya matatu ya kukodi. Thika, Makutano, Embu, Chuka, karibu kilomita 200 za lami, nusu yetu macho na nusu wamelaliana mabegani. Taabu ilianza tulipoiacha barabara kuu pale Chogoria na kuingia njia ya msituni. Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha. Matatu ikakwama, ikasukumwa, ikakwama tena, mpaka tukasubiri Land Cruiser itoke Chogoria mjini kutubeba kwa awamu mbili. Tulianza kutembea saa tano asubuhi, saa ambayo tungepaswa kuwa tumekaa ukingoni mwa maji tunakunywa chai.

Upande ule wa Mlima Kenya, siku nyingi anga huwa safi asubuhi. Kufikia adhuhuri mawingu yanapanda kutoka bondeni, na alasiri mvua inashuka. Sisi tulifika ziwani saa tisa kasorobo. Ukungu ulikuwa umetanda kiasi kwamba sikuona ng'ambo ya pili. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye mapafu ya mkimbiaji, aliketi kwenye nyasi ameshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akatapika. Kati ya watu 14, wenye tochi tulikuwa watatu. Giza lilitukuta bado hatujafika langoni, ndani ya msitu wenye nyati na ndovu.

Yote hayo naweza kuyasamehe. Nisichoweza kusahau ni safari ya kurudi. Nilikuwa kiti cha mbele. Dereva wetu alikuwa hajalala tangu jana yake, na tulipoanza kuteremka kuelekea daraja la Nithi niliona kidevu chake kikishuka taratibu hadi kifuani. Nilimwita kwa sauti, akashtuka, akashika usukani kwa nguvu. Hakuna aliyesinzia tena mpaka Embu.

Anayesafiri barabara ya Meru analijua daraja lile: mteremko mkali, kona, kisha korongo. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Na mto unaopita chini yake unatoka kulekule tulikokuwa tumetoka kutembea. Unashuka kwenye Bonde la Gorges kupitia Ziwa Michaelson, unamwagika kwenye maporomoko karibu na mwisho wa njia ya magari, halafu unateremka hadi kwenye korongo lile. Tunapopanga safari ya mlimani tunaogopa baridi, nyati na kupotea njia. Mimi sasa naogopa zaidi dereva aliyekesha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: matembezi ya Ziwa Ellis ni ya siku moja, lakini safari yake ni ya siku tatu. Nenda Ijumaa mchana, tembea Jumamosi, rudi Jumapili. Karibu na lango la Chogoria kuna mabanda ya kulala na uwanja wa kupiga kambi, na hapo uko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 3,500. Ukilala langoni, kesho yake unabakiza mita 500 tu za kupanda.

Kulala huko kuna faida nyingine ambayo waandaaji wa safari za haraka hawaitaji. Kwenye mita 3,500, kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Mombasa. Mwili hauzoei hali hiyo papo hapo, na maumivu ya kichwa ya mlimani huchukua saa kadhaa kujitokeza. Mtu aliyelala langoni akiamka kichwa kinamgonga na chakula hakitaki, amejua mapema, akiwa karibu na gari. Aliyetoka Nairobi usiku anajua akiwa ziwani, na dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kushuka. Ukakamavu wa mazoezi haumkingi mtu. Yule mkimbiaji wetu ni shahidi.

Najua jibu nitakalopewa: pesa. Ni kweli, usiku mbili zina gharama, na mwenye duka au kibarua hawezi kufunga Ijumaa kirahisi. Lakini matatu ya kawaida ya mchana hukufikisha Chogoria, watano mkachangia gari la kuwapandisha, na hema ni nafuu kuliko banda. Kama hata hilo halijapatikana, afadhali uahirishe. Ziwa litakungoja.

Mara ya pili tulikwenda wanne, mwezi wa Februari. Tiketi za hifadhi tulilipia mapema kwa simu, kwa sababu langoni hawapokei noti. Maji tulibeba kwenye chupa za chuma, maana tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Chakula kilikuwa nduma, mayai ya kuchemsha, ndizi na chai ya tangawizi ndani ya themosi. Jinzi tuliziacha nyumbani. Jinzi ikilowa huko juu haikauki, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Kila mtu alikuwa na koti la mvua, sweta, boshori na tochi yake mwenyewe.

Tulimchukua mwongozaji mwenyeji, mzee aliyeanza kubeba mizigo mlimani akiwa kijana. Mlipeni mwenyeji, tena mlipeni vizuri. Alitufundisha jambo ambalo hakuna tangazo lililowahi kuniambia: mwendo sahihi ni ule unaoweza kupiga hadithi bila kukatiza sentensi ili uvute pumzi. Nilipoharakisha aliniita, "Binti yangu, rudi nyuma yangu." Nikarudi.

Tuliondoka langoni saa kumi na mbili na nusu. Miti mirefu yenye ndevu za kuvu ilianza kupungua, ikabaki nyasi ya mashuke mashuke na upepo. Njiani mzee alisimama kando ya lobelia iliyokaa chini kama kabichi kubwa, akapanua majani yake kwa vidole viwili. Katikati kulikuwa na maji, safi kama ya kisimani. "Gusa," akasema. Niligusa, kidole kikafa ganzi. Akaeleza kwamba alfajiri maji hayo huwa na ngozi ya barafu juu, na chini ya barafu hiyo kichipukizi cha mmea kinabaki salama, hakigandi. Tulikaa pale labda dakika kumi, wanne tumeinamia mmea mmoja. Katika safari ya kwanza nadhani nilipita mamia ya mimea hiyo nikitazama saa.

Saa nne kasorobo tulilifikia ziwa. Ni maji tulivu katikati ya nyasi za rangi ya dhahabu, na kwa mbali, bila wingu hata moja, vilele vya Batian, Nelion na Lenana. Wameru huuita mlima huu Kirimara. Hakuna aliyetoa simu kwa muda. Watu husema ziwa ni la wale walioshindwa kwenda kileleni, na mimi naona wanaosema hivyo hawajawahi kukaa pale asubuhi.

Tulikuwa tumekubaliana tangu usiku kwamba saa sita kamili tunageuka, hata kama jua linawaka. Saa sita tukainuka. Saa nane mvua ya kwanza ilitudondokea, tukiwa tumeshaingia kwenye miti.

Jumapili saa tatu asubuhi tulifika Nithi. Dereva alikuwa amelala kwa muda wa saa nane. Alipunguza mwendo kabla mteremko haujaanza, akatia gia ya pili, na sote tulikuwa macho tukichungulia dirishani kuuona mto.