Mitego ya Prosesa: Kiini Kikague Kiasi Gani?

Katika maabara moja ya kompyuta hapa Dodoma, mwanafunzi wa mwaka wa pili alihangaika siku mbili na programu yake ya kujumlisha uzito wa magunia ya mahindi, mfano wa hesabu zinazofanywa kila siku katika soko la Kibaigwa. Kila alipoingiza gunia la kumi na moja, jumla ilibadilika kabla hata ya kujumlisha. Nilimwelekeza atumie gdb, zana ya kutafutia hitilafu katika programu, kutega mtego kwenye anwani ya ile jumla, yaani mahali inapokaa kwenye kumbukumbu, ili programu isimame jumla inapoguswa. Nayo ikasimama palepale kwenye mstari uliokuwa ukiandika nafasi ya kumi na moja ya orodha yenye nafasi kumi, na hivyo kuandika juu ya jumla iliyokaa jirani.

Mtego ule hutegwa ndani ya prosesa yenyewe. Tangu 80386 ya Intel ya mwaka 1985, prosesa za ukoo huo zina rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa) za kutafutia hitilafu: DR0 hadi DR3 hubeba anwani nne, DR6 hueleza mtego uliofyatuka, na DR7 husema mtego upi umewashwa, unangoja kusomwa, kuandikwa au kutekelezwa, na unalinda baiti ngapi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuzigusa. Kwenye Linux, gdb hupeleka ombi kwa wito wa ptrace, njia ambayo programu moja huisimamia nyingine, na kiini cha mfumo endeshi, sehemu yake yenye mamlaka juu ya prosesa, ndicho kinachoandika. Kabla ya kuandika, je, kiini kikague kila kitu au kimwachie mtumiaji mzigo wake?

Wanaotaka ukaguzi mdogo wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Ombi haliji kwa mkupuo mmoja: anwani huandikwa peke yake, DR7 peke yake, na hakuna kinachomzuia mtu kuanza na DR7. Kiini kinachodai kila hatua iwe kamili kitakataa zana ambazo zingefika salama hatua ya mwisho, na ndiyo maana Linux hukubali kuhifadhi mtego ambao bado haujawashwa. Isitoshe, ukaguzi wenyewe ni msimbo, na msimbo huwa na makosa. Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro katika sehemu hiyo hiyo ya Linux: mpangilio mpya ulinakiliwa juu ya ule wa zamani kabla haujathibitishwa, kwa hiyo ulipokataliwa, mabaki yake yalibaki, na mtumiaji wa kawaida aliweza kuuangusha mfumo. Mwaka huo huo ilitangazwa kasoro nyingine, CVE-2018-8897 (namba yake katika orodha ya kasoro za usalama), iliyogusa mifumo endeshi kadhaa. Humo mtego ulitegwa kwenye anwani halali kabisa ya mtumiaji, lakini ukafyatuka baada ya prosesa kuingia kwenye kiini. Hakuna ukaguzi wa anwani ambao ungeuzuia.

Pamoja na hayo, naegemea upande wa ukaguzi mkali. Gharama yake ni ndogo mno, kwa kuwa hufanyika wakati wa kutega tu, si kila kumbukumbu inaposomwa. Hasara ya kuuacha, kinyume chake, humwangukia asiyehusika. Katika seva inayotumiwa na darasa zima, mtego mmoja uliotegwa kwenye anwani ya kiini unaweza kufyatuka mahali ambapo kiini hakikujiandaa kuupokea, na kazi za wote zikapotea. Hata DR7 ina hatari zake: ukiweka moja katika biti yoyote ya nusu yake ya juu kwenye mfumo wa biti 64, prosesa hutoa kosa la ulinzi, na anayelipata ni kiini, kwa sababu ndicho kilichoandika.

Kasoro ile ya kwanza, kwa maoni yangu, inadai ukaguzi upangwe vizuri, wala haidai uondolewe. Ndivyo Linux ilivyorekebishwa: mpangilio mpya husomwa na kupimwa pembeni, na ule wa zamani hauguswi mpaka mpya uthibitishwe.

Linabaki suala la kukataa au kusahihisha kimyakimya. Linux hufanya yote mawili. Biti za DR7 zilizotengwa, yaani zisizo na kazi kwa mtumiaji, huzifuta bila kusema neno, na hilo silipingi, kwa kuwa mtumiaji hapotezi chochote alichokihitaji. Anwani isiyolingana na urefu wa mtego ni jambo jingine. Ukitega mtego wa baiti nane kwenye anwani isiyogawanyika kwa nane, matokeo ya prosesa hayaaminiki; kuisogeza anwani kimyakimya kungemfanya mwanafunzi alinde eneo lisilo lake na kuamini kwamba hakuna aliyeligusa. Hapo Linux hukataa, na inafanya vyema.

Ila inakataa vibaya. Wanafunzi wetu walipoandika zana yao ndogo ya ptrace, anwani isiyogawanyika kwa nane ilipokelewa kwenye DR0 bila neno, maana mtego uliohifadhiwa bila kuwashwa huchukuliwa kuwa wa baiti moja, na huo hulingana na anwani yoyote. Walipoandika DR7 yenye urefu wa baiti nane ndipo jibu la EINVAL (yaani, thamani uliyotoa haifai) likarudi, jibu lile lile linalotolewa kwa makosa mengine mengi. Wawili kati yao walitumia mchana mzima wakihesabu biti za DR7 upya, na DR7 yao ilikuwa sahihi tangu mwanzo.