Saa ya Jeshini Si Saa ya Uraiani

Rubani wa jeshi anayejiandaa kurudi uraiani huuliza kwanza mitihani ni mingapi. Naona anaanzia pasipo. Mtihani ni sehemu nyepesi. Kinachokwamisha watu ni kitabu cha saa za kuruka, na kitabu hicho hutengenezwa mtu akiwa bado na kombati mwilini, wakati karani wa kikosi anamjua na makabrasha yangali kabatini.

Tazama Marekani. Kwa kifungu cha 61.73 cha kanuni za FAA, mamlaka ya anga ya nchi hiyo, rubani aliyehitimu jeshini hupata leseni ya urubani wa biashara bila kupimwa upya angani. Anapeleka hati za kuhitimu na za kuthibitishwa kuwa rubani, pamoja na kumbukumbu ya kupasi ukaguzi wa kuruka kwa vyombo (kwa kusoma mita za ndege bila kutegemea kuona nje), kisha anafanya mtihani mmoja wa kuandika. Alama 70 kwa 100 zinatosha. Maswali yameegemea sheria za anga za kiraia, maana kwamba anajua kuruka limeshakubaliwa. Aliyesimamishwa kuruka kwa sababu ya uwezo mdogo au utovu wa nidhamu angani hapiti mlango huu.

Ulaya mambo ni mengine. Kanuni namba 1178/2011 inaiachia kila nchi mwanachama iandike ripoti ya jinsi itakavyotambua mafunzo ya jeshi lake, kwa kushauriana na EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya. Kwa hiyo marubani wawili wa ndege ya aina moja, majeshi tofauti, wanaweza kusamehewa vitu tofauti kabisa. Usijifunze njia kwa rafiki wa nchi jirani. Soma ripoti ya nchi yako.

Sasa turudi kwenye saa. Vikosi vingi vya anga huanza kuhesabu magurudumu yanapoacha ardhi na kukoma yanapogusa. Hesabu ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa ndege za mabawa huanza pale ndege inapojongea kwa nia ya kuruka na kukoma inaposimama kabisa mwisho wa safari. (Helikopta huhesabiwa tangu panga zinapoanza kuzunguka.) Dakika zote za kutambaa na kusubiri mwisho wa njia ya kurukia hazimo, basi, katika kumbukumbu za jeshi. Mashirika ya ndege yanalijua hilo, na baadhi huongeza 0.2 au 0.3 ya saa kwa kila safari. Mwenye safari 900 ataongezewa saa 180 kwenye shirika moja na 270 kwenye jingine. Ndiyo maana nyongeza hiyo ikae safu yake peke yake. Ukiichanganya na saa halisi, siku ya usaili jumla yako itapingana na karatasi za jeshi, na utaonekana mdanganyifu hata kama hukukusudia.

Safu ya urubani kiongozi nayo ina mitego. Kuongoza kundi la ndege nne hakukufanyi kiongozi wa ndege zile tatu nyingine. Unahesabu yako tu. Saa ulizokaa kiti cha nyuma kama mtazamaji zitoe.

Saa za usiku ndizo huwaumbua marubani wa ndege za kivita. Leseni ya juu kabisa kwa kiwango cha ICAO inataka saa 1,500, zikiwemo 100 za usiku na 75 za vyombo, ambapo 30 kati ya hizo zaweza kuwa za simyuleta. Mtu wa safari fupi za mchana anaweza kuvuka jumla hali usiku wake ni mkavu. Akigundua mapema, atamwomba kamanda ampangie safari za usiku. Akigundua baadaye atazinunua kwa fedha yake.

Tangu 2013 Marekani imewapunguzia wanajeshi jumla hadi saa 750. Naunga mkono punguzo hilo, ila wengi hulielewa vibaya: leseni hiyo ina mipaka, humruhusu mtu kuwa rubani msaidizi katika shirika la ndege, si kapteni. Tena ni punguzo la Marekani. Usilihesabu ukiomba kazi kwingine.

Liko pia lile la injini mbili. Aliyefuzu kwenye T-38, ndege ya mafunzo ya jeshi yenye injini mbili, huandikiwa kizuizi kwenye leseni, kwa kuwa injini zake zimebanana katikati ya kiwiliwili, na moja ikizima pua haivutwi sana upande. Kwenye ndege yenye injini mbawani, moja ikizima na mwendo ukishuka chini ya kiwango fulani usukani wa mkia haushindi tena mvuto huo, na ndege hupinduka. Wanaokiita kizuizi hiki dharau wanakosea. Hawakufundishwa jambo hilo kwa sababu ndege yao haikulihitaji. Kinaondolewa kwa mtihani wa vitendo kwenye ndege ya kawaida ya injini mbili.

Ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege humfaa zaidi mwenye chombo chenye ndugu uraiani: P-8 ya doria ni Boeing 737, C-130 ya mizigo ni Lockheed 382. F-16 ya kivita haina ndugu.

Kabla ya kulipia lolote, pima afya kwa cheti cha daraja la kwanza, hasa kama uliwahi kuruka na kiti cha dharura, kile kinachomrusha rubani nje ya ndege, na mgongo ukaumia. Halafu nakili kila ukurasa wa kumbukumbu, upate sahihi na muhuri wa kikosi, ukianza na ule wa ukaguzi wako wa mwisho wa vyombo.