Ukuta wa Pili wa Kioo Katika Miji ya Joto

Majengo yenye kuta mbili za nje, yaani kioo mbele ya kioo kingine na uwazi wa hewa katikati, yalipata umaarufu Ulaya katika miaka ya 1990, kwa kuwa hewa iliyo katikati hupunguza upotevu wa joto majira ya baridi. Wanaotaka muundo huo utumike pia Dar es Salaam au Mombasa wana hoja nzito. Vipande vya kukinga jua vikiwekwa ndani ya uwazi huo, huzuia mionzi kabla haijafika ofisini, jambo ambalo pazia la ndani haliwezi, kwa sababu joto likishapita kioo limekwisha kuingia. Hewa ya katikati hupata moto, hupanda na kutokea juu.

Tatizo ni kwamba mvuto huo wa hewa kwenda juu huhitaji hewa ya katikati iwe na joto kuliko ya nje. Hewa inayoingia chini ikiwa tayari na nyuzi 32, huzidi kupata moto kadiri inavyopanda, na ghorofa za juu hupokea joto lililokusanywa na zile za chini. Ukifungua dirisha, unaingiza pia unyevu ambao kiyoyozi kitatumia umeme kuuondoa. Usiku nao hausaidii sana: katika msimu wa joto Dar es Salaam hubaki kwenye takriban nyuzi 25.

Hata hivyo, siamini kwamba wazo lote litupwe. Jengo la O-14 huko Dubai lina ganda la nje la zege, lenye matundu zaidi ya 1,300, likiwa takriban mita moja mbele ya vioo. Ganda hutia kivuli na hewa hupanda katikati. Minara ya Al Bahar, Abu Dhabi, iliyokamilika mwaka 2012, ina vikinga-jua vinavyojifunga na kujifungua kulifuata jua, na wasanifu wake walikadiria kupunguza joto la jua kwa zaidi ya asilimia 50. Hayo ni makadirio ya wasanifu, lakini mantiki yake ni sahihi: kinachofanya kazi hapo ni kivuli, si kioo cha pili. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, ilizungushiwa varanda pana kwa mantiki hiyohiyo.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri huwa juu sana, hivyo kuta za kaskazini na kusini hutoshelezwa na kibaraza kifupi cha zege juu ya dirisha. Mashariki na magharibi jua huingia kwa chini, na huko ndiko utakuta alasiri pazia zimefungwa, taa zinawaka na kiyoyozi kinanguruma. Ganda lenye matundu upande huo lina thamani, ingawa vumbi na chumvi ya bahari vitadai usafi wa mara kwa mara. Kulizungushia jengo zima kioo cha pili ni gharama ambayo sioni inavyorudi. Anayekipendekeza alete hesabu ya ukuta wa magharibi, saa kumi alasiri, mwezi Februari, ikijumuisha umeme wa kuondoa unyevu.